Kigelegele Kilichomezwa na Mashine

Magomeni, Mtwara.
Jumanne, 19 Novemba 2024.

Mpendwa dada Joyce,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mvua za Bukoba hazijakushika kifua, na wagonjwa wako wa wodini wamekuachia nafasi ya kupumua wiki hii ya harusi. Sisi huku wazima. Mama hajambo, isipokuwa goti. Mama mdogo Elizabeti hajambo, amefunga mizigo yake ya safari tangu jana na kuifungua mara nne kuhakikisha korosho zako zimo. Mimi mwili mzima ila nafsi haitulii. Salamu hizi nimeziandika nimesimama.

Nilitaka niingie kwenye jambo lenyewe moja kwa moja. Mama mdogo akachungulia begani kwangu, akasema barua isiyo na salamu ni hati ya polisi, hataibeba. Basi salamu umezipata. Sasa tafuta mahali ukae, na nakuomba usiikunje barua hii mpaka uimalize, hata ukinikasirikia katikati.

Jambo ni hili. Mama alipiga kigelegele. Mama mdogo hakukudanganya. Mimi ndiye niliyekifuta.

Nimeandika mstari huo nikaenda kunywa maji, nikarudi. Nianzie mwanzo ili usinihukumu vipande vipande.

Wewe unajua na mimi najua kwamba Mama hakuwa radhi. Washenga wa shemeji Elisha walipokuja mwezi wa saba, aliwapikia, akawasalimu kwa heshima zote, halafu akakaa jikoni mpaka wajomba walipomaliza mazungumzo. Hakuwa na neno na Elisha mwenyewe. Neno lake lilikuwa kwamba ni mgane mwenye mtoto wa miaka sita, na yeye hakumsomesha binti yake ili akalee mtoto wa mwanamke mwingine. Ulimjibu kwenye simu, naye akakujibu, na tangu siku ile mmekuwa mkisalimiana kama watu wa ofisi mbili.

Kisha daktari akasema goti lake haliwezi kukaa ndani ya basi siku mbili. Uliniuliza, “Isaya, ni goti au ni moyo?” Nikakujibu ni goti. Dada, sikuwa na hakika. Nilikujibu hivyo kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Ndipo nikapata wazo la wimbo. Kwetu binti hatoki nyumbani kimya, mama yake husimama mlangoni akamshangilia, na kama Mama hawezi kusimama kwenye mlango wako, basi sauti yake iingie ukumbini badala yake. Nilijiona nina akili sana.

Ile laptop uliyoniachia ulipohamishiwa Bukoba, nadhani ulitegemea niitumie kuandikia barua za kuomba kazi. Kazi nilipata bila barua, ya kuhesabu magunia ya korosho yanayoingia bandarini, na laptop nikaigeuza studio. Kuna programu ya kurekodi ndani yake, na juu ya programu hiyo unapachika vijiprogramu vya kutia madoido kwenye sauti. Tunaviita plagini. Kimoja kinaongeza mwangwi, kingine kinakata uvumi wa chini, kingine kinabana sauti isipande wala isishuke. Vingi ni vya bure. Nilivikuta mtandaoni mwezi wa nne, mpaka mwezi wa nane ninavyo sitini na tatu, na matumizi ya kumi sikuyajua.

Nilijifunza kwa video za watu wanaoongea upesi kuliko madalali wa mnadani. Nilikuwa kama mpishi mgeni wa pilau, kila kopo la kiungo ninaloliona namwaga. Adui wa studio yangu ni kelele tu. Unakijua chumba changu. Msimu huu wa korosho malori yanapanga foleni mpaka karibu na kona yetu, hayazimi injini. Mchana bati linatatarika kwa jua. Feni ina kilio chake. Jogoo wa Farida jirani hana saa maalumu. Nimetundika magodoro mawili ukutani, na juu yake vitenge alivyoviacha Mama mdogo baada ya safari zake za biashara mpakani Kilambo, na bado lori linaingia.

Kwa hiyo nilichopenda zaidi ni plagini za kusafisha. Mbili nakutajia kwa kuwa ndizo zenye kesi. Ya kwanza inaitwa geti, na kazi yake ni kama ya mlinzi: sauti ikiwa kubwa inapita, ikishuka chini ya kiwango ulichoweka, anafunga mlango. Ya pili inaua mluzi. Unakumbuka kanisani maiki ikisogezwa karibu na spika inavyolia fiiii mpaka watoto wanaziba masikio? Hiyo plagini inawinda sauti yoyote nyembamba, ya juu, inayoendelea, na ikiipata inaikandamiza mpaka ife.

Nadhani umeshaanza kuona ninakokwenda. Subiri, usinitangulie.

Tulirekodi Jumamosi ile ya tarehe mbili, mchana. Mama aliingia chumbani kwangu, akaangalia magodoro ukutani, akaniuliza kama nimepata wazimu au wageni. Akakaa. Kabla sijamvisha hedifoni akaniambia, “Nitaimba kwa sababu umeniomba wewe. Usinihesabie zaidi ya hapo.” Nikasema sawa, Mama.

Ubeti wa kwanza niliimba mimi. Ubeti wa pili ulikuwa wake, Mama mdogo akiitikia pembeni. Maneno unayajua, nilikutumia zamani: “Mlango u wazi, binti anatoka, taa ya baraza tumeiacha inawaka.” Aliimba sauti ileile ya pili aliyokuwa akiimba kwayani, imekauka kidogo lakini imesimama. Alipofika kwenye taa ya baraza akanyamaza. Nilidhani amesahau maneno. Kumbe kifua kilikuwa kinajaa. Kikatoka, Joyce. Kigelegele kirefu, cha kupanda na kuzunguka, ambacho sijakisikia humu ndani tangu Baba afariki. Mama mdogo alijishika kinywa.

Sasa sikiliza aibu yangu. Kwenye kioo cha laptop, kipimo cha sauti kiliruka mpaka juu na taa nyekundu ikawaka. Video zote zinasema taa nyekundu ni dhambi. Wakati Mama anakushangilia, mdogo wako alikuwa anaangalia taa. Nilikunja uso, nikamwinulia mkono kama trafiki, kumwambia apunguze.

Akapunguza. Akageuza uso pembeni, midomo ikamchezacheza kidogo, kisha akamalizia ubeti. Mimi nikainama kwenye laptop yangu.

Jioni ileile Mama mdogo akakupigia simu. Nilikuwepo. Alikuwa analia na kucheka, akikuambia, “Mama yako amepiga kigelegele, mwanangu, utakisikia mwenyewe, ubeti wa pili!”

Wiki nzima nikawa nasafisha. Nikitoka bandarini saa tisa nakuja mbio, sili, nakaa kwenye laptop. Kwenye sauti ya Mama niliweka plagini kumi na moja. Nikaweka geti ili malori yasisikike akipumua. Nikaweka ya kuua mluzi kwa sababu ya kile kilio cha feni. Nikaona kwenye kioo ule mlima wa kigelegele umelala chini vizuri, mstari umenyooka, taa haiwaki. Nilifurahi. Nilidhani nimeulainisha tu. Nilikuwa nasikiliza kwa macho, dada, na hilo ndilo kosa ambalo hakuna video iliyonionya. Mwalimu wa kwenye video angelionaje? Kwao watu wakifurahi wanapiga makofi.

Jumamosi ya tarehe tisa nikakutumia.

Ujumbe wako ninao bado. “Nimesikiliza mara tatu. Mshukuru Mama kwa kuimba. Kama hana furaha asilazimishwe.” Kisha ukamwandikia Mama mdogo, “Mama mdogo, umeanza kunidanganya ukubwani?” Baada ya hapo ujumbe wetu wote una tiki moja, na simu haipokelewi.

Mama mdogo aliingia chumbani kwangu kanga imemteleza begani. “Isaya, umefanya nini?” Tukasikiliza pamoja. Mlango u wazi, binti anatoka, taa ya baraza tumeiacha inawaka. Halafu kimya. Kimya kisafi, kimepigwa deki. Sekunde tano nzima ambazo hata lori halipo, wala feni haipo. Palepale ulipoambiwa utamsikia Mama, mimi nilikuwekea shimo.

Nilijaribu kukupigia mara ishirini na kitu. Nikawaza nimpigie shemeji, nikaacha. Ningemwambia nini? Kumweleza kwa nini kigelegele kimoja ni jambo la kufa na kupona ningelazimika kumwambia kwamba mama mkwe wake alimkataa. Hilo si langu kulibeba.

Jambo lililonimaliza ni kwamba niliamini kigelegele kimekufa kabisa. Nilidhani ukishaiwekea sauti plagini na kuhifadhi kazi, basi, ni kitambaa kimepita kwenye mkasi. Kila nilipofungua ile kazi, ikaja safi vilevile. Nikaona njia pekee ni Mama arudie.

Jumatatu nikamfuata akichambua mchele. Nikaweka maiki juu ya meza, nikamwambia, Mama, nakuomba kile kigelegele chako tena, kidogo tu. Aliniangalia kama nimemwomba apige chafya.

“Kigelegele hakiagizwi, Isaya. Kinatoka chenyewe au hakitoki. Hapa kuna harusi gani?”

Ungenihurumia kama usingenichukia. Kwa siku tatu nilijaribu kumfurahisha kwa nguvu. Jumanne nilimnunulia ming'oko sokoni, vile viazi pori avipendavyo, akala, akashukuru, akanawa mikono. Jumatano nilimtangazia kwamba nitapandishwa cheo, jambo ambalo si kweli, akasema, “Hongera, sasa nenda ukakate nywele.” Alhamisi nikamwita Farida alete kichanga chake, maiki nimeificha nyuma ya redio. Mama akampakata mtoto, akamwombea, akamrudisha. Hakuna. Farida akaniuliza kwa nini ninatoka jasho.

Ndipo Mama akauliza, akiuchukua tena ungo wake wa mchele. Si mjinga, amefundisha darasa la tatu miaka thelathini. “Kile cha kwanza kimekwenda wapi?”

Sikuweza kumtajia plagini na mluzi. Nikasema, “Mashine imekimeza, Mama.”

Aliweka ungo chini. “Basi Mungu hakutaka kifike.”

Akaenda chumbani. Aliporudi alikwenda kwenye begi la Mama mdogo, akaitoa ile doti ya kanga aliyokununulia, aliyoinyoosha kwa pasi kwa mikono yake. Akasema, “Hii ikae kwanza.” Mama mdogo akanitazama. Kwako Bukoba umeamini Mama hajakubali, na hapa Magomeni Mama ameamini Mungu hajakubali, na katikati yenu ni mimi na vijiprogramu vyangu vya bure. Sijawahi kujichukia hivyo. Kazini nilihesabu lori moja mara mbili, msimamizi akaniita pembeni akaniuliza kama nina malaria.

Nimeinuka tena. Umeme umekatika na kurudi mara mbili tangu nianze kuandika, na kila ukikatika moyo unaruka ingawa kazi nimeshaihifadhi sehemu tatu. Mama mdogo ananiambia nikae, kalamu inachana karatasi. Naendelea.

Alawi unamkumbuka? Yule wa Mikindani, tuliyekuwa naye sekondari, ambaye wewe ulikuwa unamsahihishia insha. Sasa anawarekodia kaswida watoto wa madrasa na maharusi wa kule kwao, chumba chake kiko nyuma ya duka la baba yake mdogo. Nilikuwa naona haya kumuuliza, kwa sababu mwezi wa tisa nilimtambia kwamba ninazo plagini sitini na tatu na yeye ana nne. Jumapili iliyopita nikameza haya, nikampigia. Alikuja baada ya alasiri na pikipiki yake.

Akakaa kwenye kiti changu, akaangalia kioo, akasikiliza ubeti wa pili hadi mwisho. Hakucheka mwanzoni. Akahesabu kwa kidole zile plagini kumi na moja. Hapo akacheka.

“Isaya bwana, huyu mama umemvisha makoti kumi na moja, kisha unauliza kwa nini humwoni!”

Nikamwambia Alawi, mimi naugua, usinichekeshe. Sauti yenyewe imekufa.

“Haijafa. We nani kakwambia imekufa? Sauti iko chini palepale ulipoirekodi, hizi zimekaa juu yake. Vua moja moja, tusikilize.”

Alizima ya kwanza. Tukasikiliza. Hakuna. Ya pili, ya tatu. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango, sijui nilitaka kukimbilia wapi. Alipozima ya saba, ile ya kuua mluzi, Joyce, kigelegele cha Mama kiliruka kutoka kwenye spika mpaka jogoo wa Farida akajibu. Nilikaa chini sakafuni. Nililia mbele ya Alawi, sijali. Alinipiga bega akasema, “Hata mimi mwaka juzi ilimmeza bibi harusi mzima wa watu. Hizi plagini hazijazaliwa kwetu, hazijui furaha yetu inalia vipi. Lazima uziambie.”

Kisha akanionyesha kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote. Kwenye baadhi ya plagini kuna kitufe kidogo cha pembetatu. Ukikibonyeza, husikii tena sauti iliyosafishwa. Unasikia kile kilichotolewa tu, taka zenyewe. Tukakibonyeza kwenye ile ya mluzi: kilio cha feni, na kigelegele cha Mama peke yake, kinazunguka. Tukakibonyeza kwenye geti, kusikia mlinzi alimfungia nani mlango. Malori, bati, kiti changu kikilia, mimi nikikohoa. Na baada ya pale kilipoishia kigelegele, pale nilipomwinulia Mama mkono akageuza uso, kuna maneno.

Yalikuwa madogo sana. Ilibidi Alawi avae hedifoni na kuongeza sauti mpaka mwisho. Aliyasikia kabla yangu, akavua hedifoni, akazishika mkononi. Akasema, “Haya si yangu kuyasikia. Msalimie mama.” Akatoka akawasha pikipiki, hata chai hakunywa.

Jana nilikuwa bandarini tangu alfajiri. Niliporudi Mama amepumzika, na nikiri kwamba niliogopa. Niliogopa atasema Mungu amekwishaamua, mimi nani wa kuvua makoti. Leo asubuhi kabla ya kwenda kazini nikasema potelea mbali. Nikambebea laptop mpaka kwenye kochi lake, nikamvisha hedifoni, nikabonyeza.

Alisikiliza wimbo mzima, ukiwa na kigelegele. Kisha nikamwekea yale maneno. Nikaona mkono wake umeacha kusugua goti.

“Hivi nilisema?”

“Ulisema, Mama.”

“Kwa sauti?”

“Kwa sauti ndogo.”

Akasema rudia. Nikarudia. Akasema rudia. Mara ya nne akavua hedifoni akaniuliza, “Na wewe siku ile kwa nini uliniinulia mkono?” Nikamwambia ukweli wote, taa nyekundu, geti, feni, kigelegele kilichofanana na mluzi, ujumbe wako, simu isiyopokelewa. Nilimwambia kwamba unaamini hakukushangilia. Hilo alikuwa halijui. Tulimficha wote wawili, mimi na Mama mdogo, tukidhani tunamwonea huruma.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alijiinua, goti lile lile, akakataa mkono wangu, akaenda chumbani akarudi na ile doti ya kanga. Akaiweka yeye mwenyewe kwenye begi la Mama mdogo, juu kabisa, juu ya korosho. Utaikuta ina harufu ya pasi. Kisha akasema, “Mwandikie. Mimi nikiandika nitaanza kufundisha.”

Sasa nakuandikia maneno yenyewe, maana hata ukiongeza sauti huenda lori likakuzibia. Baada ya kukushangilia, akidhani hakuna anayemsikia, Mama alisema: “Nenda, mama. Kamlee huyo mtoto, naye ana mama sasa.”

Hakulazimishwa, Joyce. Hakuna aliyemwomba. Nilimnyamazisha, na bado alisema.

Kwenye bahasha hii kuna flash. Ina vitu viwili. Kimoja ni wimbo. Nimezivua plagini zote kwenye sauti ya Mama, nimeacha mwangwi mdogo tu ili Alawi asiseme sijajifunza kitu. Utasikia lori likibadilisha gia kwenye kiitikio. Utasikia bati. Hayo ni ya kwenu, usiyaonee haya. Kitu cha pili nimekiandika “Zilizotupwa”. Hicho ni chako peke yako, usikipige ukumbini. Kaa mahali na hedifoni usikilize.

Sina hakika kama utaifungua bahasha hii. Mama mdogo anaondoka kesho na basi la saa kumi na mbili asubuhi, atalala Mbagala, na Mungu akipenda Ijumaa asubuhi atakuwa mlangoni kwako. Nimemwambia asikupe zawadi yoyote kabla hujasoma. Amesema hatakupa hata salamu. Unamjua, atazitoa korosho kwanza.

Nataka kukuomba samahani vizuri, lakini kila nikianza naona maneno yanakuwa safi mno, na nimechoka na vitu safi. Nisamehe, dada. Nilikuwa na sauti ya Mama mikononi nikaitafutia kasoro.

Msalimie sana shemeji Elisha, mwambie shemeji yake wa Mtwara ana deni la kumwimbia uso kwa uso. Nisalimie mama yake. Msalimie mtoto wenu Zawadi, na umwambie ana bibi huku pwani mwenye goti bovu na sauti kubwa, akija tutampeleka akaone meli zinavyopakia. Farida anakusalimu, na kichanga chake. Alawi anasema insha zake zingali na makosa. Mama mdogo salamu zake anakuja nazo mwenyewe.

Mungu aliyemtoa Mama sauti pale ambapo hakukusudia, akufungulie na wewe moyo Jumamosi. Nyumba yako isikae kimya hata siku moja.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye na kelele zake zote,

Isaya.

N.B. Mpiga muziki wa ukumbini umwelekeze mapema. Wimbo ukifika dakika ya pili na sekunde arobaini, kipimo chake kitaruka na taa itawaka nyekundu. Asiguse kitu. Aiache iwake.